Mauti Mwenye Sura ya Mwanamke: Mapenzi na Kukata Tamaa katika Nyimbo za Kiitaliano

Katika Kiswahili kifo hakina sura. Kimo katika ngeli moja na kiti, kijiko na kikapu, na hata tunaposema kifo kimebisha hodi, au umauti umemkuta fulani, hakuna anayeuliza mgeni huyo alivaa nini, wala kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Majirani zetu Waislamu humtaja malaika mtoa roho. Sisi Wakristo tunamjua yule mpanda farasi wa kijivujivu katika kitabu cha Ufunuo. Zaidi ya hapo tunasema marehemu ametutoka, basi.

Kwa Waitaliano mambo ni tofauti. Katika lugha yao kila jina la kitu ni la kiume au la kike, na neno lao la kifo, morte, ni la kike. Kwa hiyo mtunzi wa Italia anapokipa kifo uhai wa mtu, jambo ambalo walimu wa fasihi huliita tashihisi, hana budi kumleta mwanamke. (Mjerumani, ambaye neno lake ni la kiume, humwona mwanamume.) Mwanamke huyo mara ni malkia mwenye taji, mara ni bibi aliyevaa nguo nyeusi, mara ni mpenzi, na mara moja, katika wimbo wa zamani kuliko nyingine zote tutakazozitaja, ni dada.

Akina mama wenzetu, huenda mkajiuliza nyimbo za Italia zinatuhusu nini sisi wenye watoto wa kulea na sufuria jikoni. Zinatuhusu kwa sababu redio zetu na simu za vijana wetu zimejaa nyimbo za mapenzi ambamo mtu anasema akiachwa atakufa. Tumezizoea hata hatuzisikii tena. Wakati mwingine ni rahisi kuusikia ugonjwa wa nyumbani kwa kusikiliza wimbo wa ugenini, na Waitaliano wamelifuma jambo hili la mapenzi na mauti kwa zaidi ya miaka 700. Sista mmoja Mwitaliano, muuguzi mwenzetu, ndiye aliyetutafsiria maneno ya nyimbo hizi, wakati mwingine akicheka, wakati mwingine akinyamaza katikati ya ubeti.

Bibi aliyeko sokoni

Tuanze na malkia. Katika mji mdogo wa Pinzolo, kwenye milima ya kaskazini mwa Italia, liko kanisa la Mtakatifu Vigilio. Mwaka 1539 mchoraji Simone Baschenis alichora kwenye ukuta wake wa nje msafara mrefu wa watu, kila mmoja akishikwa na kiunzi cha mifupa na kupelekwa: papa, askofu, mfalme, malkia, tajiri, ombaomba, hadi mtoto mdogo. Chini ya picha kuna mashairi ambayo Mauti mwenyewe anajitambulisha kuwa ndiye mwenye taji na bibi wa kila mtu. Mtu wa Pinzolo alipokwenda kusali siku ya Jumapili alipita kwanza mbele ya ukuta huo.

Mwaka 1977 mwimbaji Angelo Branduardi aliyachukua maneno ya ukutani akayafanya wimbo wa dansi, maneno ya wimbo yakiandikwa na mkewe, Luisa Zappa. Mauti anaanza kwa kujisifu. Watu hawakimbii. Wanamkaribisha kama mgeni wa heshima, wanamwambia aweke mundu wake chini, aingie uwanjani acheze nao, duru moja na nyingine, mpaka asiwe tena mtawala wa saa. Tunapenda ujasiri wa wimbo huu. Wanawake wanaoimba usiku kucha kwenye msiba, sauti zikiwa zimekauka na chai imekwisha, wataelewa mara moja watu hao wanafanya nini.

Mwaka huohuo wa 1977 Roberto Vecchioni, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kufundisha Kilatini na Kigiriki shuleni, alitoa wimbo uitwao Samarcanda. Hadithi yake ni ya kale sana, imepita kwa Wayahudi na Waarabu kabla ya kufika Italia. Vita vimekwisha na mji unasherehekea. Askari mmoja aliyenusurika anamwona katikati ya umati bibi mweusi akimkazia macho kama mwenye hila. Anajua ni nani. Anakimbilia kwa mfalme, anaomba farasi mwenye mbio kuliko wote, anapanda usiku kucha hadi mji wa mbali wa Samarkandi, anafika akihema, na hapo katikati ya umati mwingine yuko bibi yuleyule. Naye bibi anamweleza kwa upole kwamba amekosea: juzi hakumtazama kwa hila, alimtazama kwa mshangao, maana miadi yao ilikuwa leo, hapa Samarkandi, naye alihofu kwamba askari yuko mbali mno hatawahi.

Ni wimbo wa furaha, wa kupiga makofi, na violini inayosikika humo ni ya Branduardi yuleyule. Lakini hatukubaliani nao wote. Tumewajua wagonjwa waliokimbia kipimo kwa farasi wa namna yao, mwanamke anayeahirisha kupimwa shingo ya kizazi mwaka hadi mwaka kwa kuogopa jibu, na kweli bibi aliwakuta mbele. Lakini pia tumemwona bibi huyo akirudi mikono mitupu kutoka mlangoni mwa wodi ya watoto kwa sababu mama alimwahisha mtoto mwenye malaria usiku uleule badala ya kungoja asubuhi. Vecchioni hakuuweka usiku wa namna hiyo katika wimbo wake.

Hata hivyo malkia wa Pinzolo na bibi wa Samarkandi wana jambo moja jema. Hawabembelezi. Hakuna anayewatamani.

Mapenzi na Mauti, ndugu wa tumbo moja

Shida inaanza pale mtunzi aliyeumizwa na mapenzi anapomtazama bibi huyo akamwona mzuri. Francesco Petrarca, aliyempenda Laura kwa miaka mingi bila kumpata, alimpoteza katika tauni ya mwaka 1348, naye alipoandika juu ya kifo hicho alimwonyesha Mauti kama mwanamke wa nguo nyeusi akija kuzungumza na Laura kwa heshima, kama bibi mmoja na mwingine. Hapo bado kuna huzuni ya kawaida ya mfiwa. Karne tano baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1830, Giacomo Leopardi akaenda mbali zaidi. Leopardi alikuwa msomi mkubwa, mgonjwa tangu ujana, mwenye kibyongo, na mwanamke aliyempenda wakati huo hakumpenda. Katika shairi lake kuhusu Mapenzi na Mauti anasema hao wawili ni ndugu waliozaliwa pamoja, na Mauti kwake ni msichana mzuri wa kutazamwa, ambaye mshairi anamngoja ili aegemeze kichwa chake kifuani pake. Shairi hilo limo katika kitabu alichokiita Canti, yaani Nyimbo. Alifariki mwaka 1837 akiwa na miaka 38.

Tuseme wazi kama wauguzi: mtu anayekuambia kwamba kifo ni pumziko, kwamba kinamwita, kwamba huko hakuna maumivu, hazungumzi ushairi. Huenda ana sonona, na sonona ni ugonjwa wenye tiba kama ugonjwa mwingine. Leopardi aliyasema hayo kwa lugha nzuri kupita kiasi, na uzuri wa lugha hufanya watu wapige makofi mahali ambapo wangepaswa kumshika mkono.

Aliyelitazama jambo hili kwa jicho kali ni Fabrizio De André, mwimbaji wa Genova aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki mwaka 1999. Katika wimbo wake wa mwaka 1966 juu ya mapenzi kipofu, kijana mwema anampenda mwanamke asiyempenda hata kidogo. Mwanamke anamtaka alete moyo wa mama yake ili uwe chakula cha mbwa. Kijana anaua, analeta. Kisha anatakiwa autoe uhai wake mwenyewe kuthibitisha mapenzi, naye anautoa akiwa na furaha. Muziki ni wa kuchezesha mabega, wenye vibwagizo vya mzaha, na kwa mara ya kwanza tulitaka kuuzima. Lakini mtunzi hamsifu kijana. Mwishoni mwanamke ndiye anayeshtuka, maana yule amekufa akiwa bado anapenda, naye mwenyewe amebaki bila kitu, hana mapenzi wala faida, isipokuwa damu iliyokauka.

Tazama alichofanya De André. Mauti haonekani kama mtu katika wimbo huu. Mpenzi amekaa kwenye kiti chake, anatoa amri zake. Kila mama mwenye kijana wa miaka 20 anaijua hofu hiyo, siku mtoto anapoanza kupokea amri kutoka kwingine na moyo wa mama kuwa kitu cha kutupwa. Na wanawake nasi tusijitoe. Ni wangapi tumewafunga vidonda nao wakisema, kwa sauti ya kujivunia hasa, kwamba mume anapiga kwa sababu ya wivu, na wivu ni dalili ya kupenda?

Kifo kilichotiwa sukari

Waitaliano wana kipaji kingine cha kukipamba kifo. Opera, ile tamthiliya inayoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho, imejaa wanawake wanaokufa vizuri. Katika La Traviata ya Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venezia mwaka 1853, Violetta anauaga ulimwengu na mapenzi yake kwa sauti nzima huku kifua kikuu kikimmaliza. Mgonjwa wa kifua kikuu kilichokomaa hana pumzi ya kumalizia sentensi, sembuse wimbo. Inasemekana usiku ule wa kwanza watazamaji walicheka kwa sababu mwimbaji alikuwa mnene mno kwa ugonjwa huo. Vijidudu vyenyewe viligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, na leo kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi sita. Tusikawie hapo.

Wimbo unaotusumbua zaidi ni ule wa Marinella, wa De André, wa mwaka 1964, ambao uliimbwa na nchi nzima baada ya Mina, mwimbaji maarufu wa kike, kuurudia miaka michache baadaye. Marinella anapendwa usiku mmoja na mfalme asiye na taji aliyebisha mlangoni pake. Akirudi nyumbani anateleza mtoni, na upepo, ukimwona alivyo mzuri, unamchukua hadi kwenye nyota. Watoto wa Italia wameuimba kama hadithi ya kulalia. Lakini De André alieleza kwamba ulitokana na habari aliyoisoma gazetini akiwa kijana, ya msichana maskini aliyekuwa akiuza mwili wake, ambaye aliuawa na kutupwa mtoni. Alisema alitaka kumpa maisha mengine na kukilainisha kifo chake.

Sisi wenyewe hatukupatana juu ya wimbo huu. Baadhi yetu waliona ni tendo la huruma: hakuna aliyemfunika msichana yule shuka, basi mwimbaji amemfunika. Wengine wakasema shuka hilo limemfunika na muuaji. Katika wimbo kuna mto, kuna upepo, kuna nyota. Muuaji hayumo. Na kazini kwetu maneno kama hayo tunayasikia kila mara, ameanguka bafuni, ameteleza ngazini, kutoka kwa ndugu waliomleta mwanamke mwenye alama za vidole shingoni.

Sala ya mwezi wa Januari

Sasa tufike mahali penyewe. Januari 1967, katika mashindano ya nyimbo ya Sanremo ambayo Italia nzima huyafuatilia, aliimba kijana mmoja aitwaye Luigi Tenco, mwenye umri wa miaka 28. Wimbo wake ulisikika kama kwaheri ya mapenzi, lakini ndani yake ulikuwa juu ya mtu anayeacha shamba la kwao kwenda mjini, akafika huko akajikuta hajui lolote na hana hata nauli ya kurudi. Wimbo uliondolewa mashindanoni. Usiku uleule, kuamkia tarehe 27, Tenco alijitoa uhai katika chumba chake cha hoteli. Kesho yake mashindano yaliendelea.

Wimbo huohuo uliimbwa pia na Dalida, mwanamke aliyezaliwa Cairo kwa wazazi Waitaliano, aliyekuwa karibu sana na Tenco. Mwezi uliofuata naye alijaribu kujiua, akaokolewa. Aliishi, akaimba miaka mingine 20, akapata sifa duniani, na mwaka 1987 alijiua mjini Paris. Tunayataja haya kwa sababu kila muuguzi anajua sheria mbili zilizomo: baada ya mtu kujiua, waliompenda ndio wa kuangaliwa kwa karibu, na aliyewahi kujaribu mara moja yumo hatarini muda mrefu hata anapoonekana kupona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 727,000 walijiua katika mwaka 2021. Mtu akikuambia amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya hatari, mpeleke kituo cha afya ukiwa naye, na urudi tena kumwona wiki inayofuata, maana wengi hurudi mara moja tu.

De André alikuwa rafiki wa Tenco. Alipotoka mazikoni aliandika wimbo alioupa jina la sala ya mwezi wa Januari. De André hakuwa mtu wa kanisa na nyimbo zake nyingine zinalikejeli. Lakini huu kweli ni sala. Anamwomba Mungu aitie maua njia ya rafiki yake, na anawaza waliojiua wakipigwa busu kwenye paji la uso na kukaribishwa peponi. Humo hakuna Mauti aliye mzuri wala mpenzi mwenye mikono laini. Kuna daraja kuukuu la kuvukwa, na Mungu.

Wakati ule sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 zilikuwa bado zinamnyima maziko ya kanisa mtu aliyejiua kwa kukusudia. Sheria mpya za mwaka 1983 hazina tena katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba hofu kubwa, mateso au ugonjwa wa akili hupunguza lawama ya mtu huyo, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Mwimbaji asiyesali alitangulia miaka 16. Kwetu, katika makanisa ya madhehebu mbalimbali, bado tumeona jeneza likizuiwa lisiingie kanisani, kaburi likichimbwa pembeni mwa shamba, mazishi yakifanywa upesi jioni bila wimbo, na mama wa marehemu akiachwa na matanga ya siku moja kwa sababu majirani hawajui waseme nini. Kikundi cha akina mama hakihitaji ruhusa ya mtu ili kwenda kuketi na mama huyo. Mkeka na sukari vinatosha.

Dada

Umebaki wimbo mmoja, mkongwe kuliko zote. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitunga utenzi wa kuvisifu viumbe yapata mwaka 1225, akiwa mgonjwa na macho yakikaribia kupofuka. Ni mmoja wa tungo za kwanza kabisa katika Kiitaliano, na tuni yake ya asili imepotea. Humo jua ni kaka, mwezi ni dada, moto ni kaka, maji ni dada. Ubeti juu ya Mauti aliuongeza baadaye, mwaka 1226, alipokuwa kitandani kwa mara ya mwisho. Alimwuliza daktari ukweli, naye daktari baada ya kukwepa kidogo akamwambia hatapona. Fransisko akamkaribisha Mauti kwa jina la dada, akawaita wenzake wamwimbie. Ndugu Elia, aliyekuwa msimamizi wao, alinung'unika: watu wa mjini watashangaa, mtu anayekufa anapaswa kuwaza kifo, siyo kuimba. Wakaimba.

Angalieni tofauti. Dada huyu hakuitwa kabla ya saa yake, wala hakutamaniwa kama mpenzi. Ubeti wenyewe si laini; umo onyo kwa wanaokufa katika dhambi kubwa, na Paulo aliyekiita kifo adui wa mwisho asingeuona mgeni. Dada katika familia hahitaji kuwa mzuri. Anaingia bila kubisha kwa sababu ni wa nyumbani, na unajua atakuja.

Halafu kuna jambo ambalo wahubiri hulipita haraka. Siku zile za mwisho Fransisko alitaka barua ipelekwe Roma kwa Jacopa wa Settesoli, mjane mwenye watoto wawili wa kiume, ambaye kwa nguvu za tabia yake alimwita Ndugu Jacopa. Alete kitambaa cha rangi ya majivu cha sanda, alete mishumaa, na alete vile vitamutamu vya lozi na asali alivyokuwa akimpikia alipougua huko Roma. Barua haijatumwa, mama huyo akabisha mlangoni na wanawe, akiwa na vitu vyote hivyo. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Fransisko akasema amri hiyo haimhusu Ndugu Jacopa.

Wanaokufa huomba vyakula vya namna hiyo. Tumeombwa uji wa ulezi saa nane za usiku, tumeombwa embe wakati si msimu wake, na familia husema ya nini, hawezi kula. Fransisko naye hakuweza. Alionja kidogo, akasema Bernardo angevipenda, akaagiza aitwe aje ale.